Safu ya Bi Nyamizi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Ijumaa, saa ya adhuhuri, wanaume wote wa kijiji wako msikitini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Nimesimama ndani ya maji ya kijito, yananifika magotini, na mkononi nimeshika kitambaa cha kaniki ambacho si changu. Wenzangu wakikumbuka shule hukumbuka nyimbo na mchezo wa rede. Mimi nikiikumbuka shule, hunijia kitambaa kile kwanza, na mambo mengine hufuata nyuma yake.

Naandika polepole, usinichoke. Darasa la nne ndilo lililokuwa mwisho wangu, na herufi zangu hutembea kama mzee anayepanda kilima. Lakini jambo hili sikutaka mtu aniandikie. Mtu akikuandikia aibu yako, huipunguza kwa huruma.

Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Pangani, ukishaipita Ushongo na kabla hujafika Mkwaja. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na mwenye neno kijijini alikuwa jumbe. Shule yetu ilikuwa nyumba moja ya udongo, vyumba viwili, paa la makuti, na kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni kiwe kengele. Mwalimu alikuwa mmoja, Mwalimu Hiza, Mbondei wa upande wa Muheza. Yeye alikuwa Mkristo na sisi Waislamu, lakini mwezi wa Ramadhani hakuonekana hata siku moja akitafuna muwa njiani, na Idi ikifika sahani za pilau zilimfikia mpaka akashindwa kuzirudisha. Aliandika hesabu ubaoni kwa darasa la nne, akawaacha wakihangaika nayo, akakimbilia chumba cha pili kusomesha wadogo. Vitabu vya kusomea tulikuwa navyo kumi na viwili tu, watoto watatu kitabu kimoja, na alivifungia katika sanduku chini ya meza yake kama mtu afungiaye nguo za harusi.

Mimi nilikuwa na haya, mwanangu. Si haya ile anayosifiwa mtoto wa kike. Ilikuwa haya iliyonikaba koo. Mwalimu aliuliza saba mara nane, jibu nimelishika, nalihisi limekaa juu ya ulimi, lakini akitaja jina langu, "Mwanakombo!", sauti ilizama. Wenzangu waliniita Bubu. Mwalimu alisema mara nyingi, "Mwanakombo, siku moja utasema tu. Nami nitakuwa hapa kukusikia." Sikuwahi kumjibu hata hilo.

Mtu mmoja tu alinipa jina zuri zaidi. Huyo ni Bi Nyamizi. Aliniita Kimya. "Kimya wangu, hujambo?" Nami nilimwinamia, "Shikamoo," kwa sauti ya mbu, naye aliisikia. "Marahaba, mama. Nenda kasome."

Bi Nyamizi hakuwa mzaliwa wa pwani. Alitoka bara, mbali, akaja na mumewe aliyekuwa mkata mkonge. Mume aliacha kazi ya shamba, wakahamia kwetu, akafa. Watoto hawakujaliwa. Yeye akabaki, akasilimu, akalima mihogo, akajifunza kusuka makuti kwa bibi yangu mzaa mama. Walisema mwanzoni makuti yake yalikuwa kama kichwa cha mtu aliyeamka usingizini, na wanawake walicheka mpaka wakajishika mbavu. Lakini vidole vyake vilijifunza. Nilipozaliwa mimi hapakuwa na mwanamke wa kusuka kumshinda. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Nyamizi alikuwa amelishika jembe miaka arobaini, na bado watu wakimtaja walisema, "Yule bibi wa bara."

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ndiyo mzizi wa habari. Kila paa la shule lilipochoka, kijiji kizima kiliezeka upya. Hakuna aliyelipwa. Kila nyumba ilipewa safu yake juu ya paa, na makuti ya safu hiyo yalisukwa na mikono ya nyumba hiyo, si vinginevyo. Fundi mwezekaji alipanga tu. Ukipita nje ungeonyesha kwa kidole: ile safu ya kina fulani, na ile yetu. Safu ikivuja, mwenyewe anajulikana, anarudi kuiziba. Na asiye na safu juu ya paa la shule wala la msikiti, huyo ni mpita njia tu. Kwa wengine safu ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa Bi Nyamizi, ambaye hakuwa na mtoto wa kumpeleka shule, ndiyo iliyosema kwamba naye ni wa hapa. Mwisho wa kazi alizoea kusimama uani kwa shule, akaitazama safu yake muda mrefu, akafuta mikono kwenye kaniki, akaenda zake.

Mwaka huo Mwalimu Hiza alisema wanafunzi wakubwa nao wasuke, kila mmoja makuti ishirini kwa safu ya nyumbani kwake. Mama yangu hakuwepo. Alikwenda Mkwaja kumhudumia dada yake aliyejifungua, na angekaa huko mpaka arobaini ipite. Baba alikuwa kwenye mashamba ya chumvi, hurudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo safu yetu mwaka huo ilikuwa mimi.

Makuti ya kuezekea, mwanangu, hayasukwi yakiwa makavu. Lazima majani ya mnazi yalowekwe kijitoni, yagandamizwe kwa mawe, siku kumi. Yakitoka hapo ni laini kama ngozi, yanakunjika bila kuvunjika, na wadudu hawayapendi. Kila mtu alifunga mzigo wake kwa kitambaa ili ujulikane. Kitambaa chetu kilikuwa kipande cha kanga ya mama, nyekundu. Cha Bi Nyamizi kilikuwa cha kaniki.

Majani nilikusanya chini ya kitamli chetu, ule mnazi mfupi uliokuwa uani. Ningetaka majani marefu ya minazi mikubwa ingenibidi nimwombe mkwezi, na kwangu mimi, kuliko kumwomba mtu neno ilikuwa heri nife. Nikafunga mzigo, nikaubeba kichwani kwenda kijitoni. Huko nikawakuta wavulana wa darasa la nne wanaoga.

"Bubu huyo anakuja!"

"Hapapiti mtu hapa bila salamu. Haya, sema 'a'!"

"Mwache, atasema kesho kutwa!"

Wakacheka, wakapiga maji. Ulikuwa utani wa watoto tu. Mtu mwingine angewajibu, "Nyie nanyi ogeni, mnanuka," akapita. Mimi niligeuka na mzigo wangu, nikauficha nyuma ya jiko. Siku ya pili nikarudi, nikasikia sauti zao kabla sijafika, nikageuka. Siku ya tatu hata sikwenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku saba zikapita, nane, tisa, na majani yangu yamekaa nyuma ya jiko, makavu, yanalia yakiguswa na upepo.

Mwalimu alikuwa ametangaza: Jumatatu fundi anaanza kazi. Mwanafunzi asiye na makuti atasimama mbele ya darasa aeleze kwa nini. Hakusema atachapwa. Angesema fimbo, ningezisubiri fimbo. Kusimama mbele na kueleza, hilo ndilo lililonikosesha usingizi na chakula.

Ndipo ikafika Ijumaa ile. Nilijua adhuhuri hakutakuwa na mtu kijitoni. Nikauingiza mzigo wangu majini, nikajua hautalainika kwa siku mbili. Pembeni yake ulikuwa mzigo wa Bi Nyamizi, umekaa siku kumi, umeiva. Palikuwa na mizigo mingine vilevile, ya nyumba zenye baba na wajomba na kaka. Sikuigusa. Hili nakuambia kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: hata ndani ya woga wangu nilijua kumchagua asiye na mtu. Nilifungua kaniki, nikafungua kanga, nikabadilisha. Nilisikia muadhini akikimu, sauti ikija juu ya maji. Nikaingoja inyamaze, nikaondoka na mzigo uliolowa ukinichuruzikia usoni.

Jumamosi na Jumapili nilisuka. Yale majani yalitii vidole vyangu kama uzi. Nikasuka makuti ishirini, nikaongeza mengine ya kutosha safu nzima, na baba akasema, "Mama yako akirudi atafurahi." Nikainama.

Jumatatu watu wote walikuwa uani kwa shule. Wanawake wamekaa na ndoo za uji, wanaume wanapokezana makuti. Fundi Mbwana, mwezekaji wetu, mtu mwenye mdomo usiolala, alikuwa juu ya paa. Safu ya Bi Nyamizi ilikuwa upande wa meza ya mwalimu. Yalipofika makuti yake, fundi alilikunja moja, likalia kah! likavunjika.

"Bi Nyamizi! Makuti gani haya? Yamekauka kama ng'onda!"

Watu wakacheka.

"Na mafupi," akaongeza fundi, akilitazama kwa jicho moja. "Umeyatoa kwa mnazi wa kuchezea watoto?"

Nilikuwa hatua chache tu, nimebeba kata ya maji. Bi Nyamizi alikaa chini, miguu ameinyoosha, vidole vyake vimechanika. Hakunitazama. Alisema, "Mikono ya uzee, fundi. Macho nayo yanaondoka. Wewe yapange, nitakuja kuyaziba mwenyewe."

"Haya, nayapanga. Mvua ikija nitakuambia nani atanywa chai bila kuteka maji!"

Wakacheka tena. Ulikuwa wakati wa kusema, mwanangu. Maneno matatu tu yangetosha: ni yangu hayo. Fundi angenitania, mwalimu angenikemea, jioni tungekuwa tumesahau. Neno likiwa dogo husemeka. Ukiliacha, hukua ndani yako mpaka likashindwa kupita kooni.

Masika yalikuja na nguvu mwaka ule. Siku ya tatu ya mvua tuliingia darasani asubuhi tukakuta maji yamesimama chini ya meza. Safu ile ilikuwa imefumuka. Mwalimu Hiza alilifungua sanduku, akatoa kitabu cha kwanza, kurasa zikatoka mkononi mwake kama mkate uliolowekwa. Akatoa cha pili. Akavitoa vyote kumi na viwili, akavipanga juu ya dawati, kimoja kimoja. Hakuwa mtu wa kulia, wala hakulia. Alivipanga tu, kisha akavipanga tena upya.

Vingine havikuja mwaka ule. Tulisoma kwa yale aliyoyaandika ubaoni kwa kichwa chake. Ulipofika mtihani wa darasa la nne, hakuna mwanafunzi hata mmoja wa shule yetu aliyepata nafasi ya kuendelea. Sisemi ni kwa sababu ya vitabu. Sisemi pia kwamba si kwa sababu ya vitabu. Wale wavulana walionicheka kijitoni walikwenda mashamba ya mkonge na ya chumvi, na mmoja wao alikuwa na akili ya hesabu ambayo sijaiona tena.

Jumbe aliita watu barazani kwake. Wazazi walikuwa na hasira, na hasira hutafuta pa kukaa. Mmoja akasema, "Mtu wa bara atajua wapi makuti?" Mwingine akasema, "Tulimpa safu kwa huruma." Miaka arobaini ya mikono yake ikageuka huruma katika asubuhi moja. Bi Nyamizi alikuwepo. Jumbe alimwambia, tena kwa adabu, ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, "Bibi, sasa umechoka. Pumzika. Safu yako tutampa mwingine."

Alisema, "Vyema, jumbe." Akasimama kwa kujisukuma na ukuta, akaenda nyumbani kwake.

Tangu hapo watoto wakatunga wimbo wao. Wakimwona anapita na jembe lake waliimba:

"Safu ya bara, mvua karibu! Safu ya bara, mvua karibu!"

Siku moja tulitoka shule kundi zima, yeye anakuja mbele yetu na kikapu cha mihogo. Wenzangu wakaanza. Mmoja akanisukuma bega: "Na wewe imba, Bubu!" Mwanangu, mimi niliyeshindwa kutaja saba mara nane, mimi niliyeshindwa kusema shikamoo ikasikika, siku ile sauti ilitoka. Ilitoka safi, juu kuliko za wenzangu. Nilitaka wasinigeukie mimi.

Bi Nyamizi alisimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuezeka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hata Kimya leo anasema."

Akapita. Sijapigwa fimbo maishani mwangu iliyoniingia kama hiyo.

Mama alirudi kutoka Mkwaja wiki ile. Alipita shuleni, akaona makuti yaliyoshushwa yamerundikwa uani yakingoja kuchomwa. Akaokota moja. Akaja nalo nyumbani, akaliweka mbele yangu, akaketi.

"Kuti hili la mnazi gani?"

Nikalitazama lile kuti.

"Kitamli kijijini kiko kimoja," akasema mama. "Kiko hapa nje."

Nikamwambia yote, kwa minong'ono na machozi. Nilidhani atanikumbatia, au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Nasikia na kuimba umeimba. Mdomo ulioimba ndio utakaokwenda kusema. Mimi sikusindikizi."

Nikaenda. Bi Nyamizi alikuwa kizingitini anamenya mihogo. Paa la nyumba yake lilikuwa limelegea upande mmoja, na ndani alikuwa ametega sufuria chini ya tone. Nyumba ya mtu asiye na watoto huezekwa na jirani zamu kwa zamu, na mwaka ule zamu ilifika, ikapita, hakuna aliyeikumbuka.

"Kaa, mama," akaniambia. Nikakaa. Alinipa kisu cha pili. Tukamenya. Tulimenya mpaka kikapu kikakaribia kwisha na mimi sijafungua mdomo. Mwisho akasema yeye.

"Nilijua nilipolishika kuti la kwanza. Vidole vyangu havijafa, Kimya. Yalikuwa mafupi, makavu. Nikasema, haya ya kwa kina Mwanakombo."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Ningesema nini? Mtu wa kuja amtaje mtoto wa kijiji, angesadikiwa nani?" Aliutupa mhogo kikapuni. "Na tena nilisikia mwalimu wenu alivyotangaza. Nikasema, mtoto huyu akisimamishwa mbele za watu atakufa kwa woga. Nikakupa muda. Nilidhani utakuja mwenyewe. Kila siku nikisikia mguu nje nasema, huyo Kimya."

Nililia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza. Kisha akasema maneno ambayo sikuyaelewa vizuri mpaka nilipokuwa mtu mzima: "Haya ni nguo, mama. Mtu huivaa ajisitiri. Umeivaa wewe, lakini aliyebaki uchi ni mimi."

Nikamwambia, "Kesho nitasema. Nitamwambia mwalimu, nitamwambia jumbe."

"Sema basi."

Kesho yake nilifika shule, nikamtazama mwalimu, nikaenda kukaa mahali pangu. Nikasema, kesho. Siku iliyofuata mwalimu alikuwa na homa. Siku iliyofuata jumbe alikuwa na wageni. Mama alinitazama kila jioni, nami niliinamia sahani. Siku tisa, mwanangu. Siku ya kumi nilikwenda kwa Bi Nyamizi kumwomba aniongeze muda, nikakuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani alisema amepanda lori la nazi alfajiri. Alikuwa na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, katika kambi moja ya mkonge huko Pongwe. Alichukua mkeka, sufuria, na jembe. Nikauliza, alikuwa ameaga?

"Amuage nani?" jirani akaniuliza, na hakuwa na ubaya.

Nilikwenda shule mbio. Darasa lilikuwa limeanza. Nikaingia bila kupiga hodi, nikasimama mbele, pale pale nilipopaogopa mwaka mzima. Nikasema yote. Nilitaja kijito, kaniki, kitamli, wimbo. Sauti ilitetemeka lakini haikuzama. Na unajua nini? Hakuna aliyenicheka. Wale wavulana walitazama madawati yao. Lile jambo nililoliogopa kuliko kifo lilichukua muda usiotosha kuchemsha chai.

Mwalimu Hiza aliketi. Akasema, "Mwanakombo, nimengoja miaka mitatu uniambie neno." Hakumaliza. Alitoka nje akaenda kwa jumbe.

Jumbe, haki yake nimpe, aliona aibu. Alituma mtu Pongwe, na nauli akampa, amwambie Bi Nyamizi kijiji kinamwomba radhi, arudi, safu yake ipo, na nyumba yake itaezekwa. Nilingoja barabarani kila jioni. Mtu yule alirudi baada ya siku nyingi, peke yake. Alisema amemkuta amelala, kifua kinambana, anahudumiwa na mke wa shemeji yake. Alisikiliza ujumbe wote. Akajibu hivi: "Mwambieni Kimya nimesikia. Mimi miguu imeshaikataa njia. Safu yangu akae nayo yeye. Na aloweke siku kumi kamili."

Kabla masika hayajaisha ilifika habari kwamba amefariki. Amezikwa huko, katika makaburi ya wafanyakazi wa mkonge. Nimekwenda Pongwe mara mbili nikiwa mtu mzima. Makaburi niliyaona. Kaburi lake hapakuwa na mtu wa kunionyesha. Nikasoma Fatiha nikiwa nimesimama njiani, nisijue nielekee lipi.

Safu yake niliisuka mimi. Kila paa lilipobadilishwa niliisuka, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa na mtoto mgongoni. Niliomba majani marefu kwa mkwezi, kwa mdomo wangu, na nikayalaza majini siku kumi, sikupunguza moja. Safu mbili juu ya paa moja, ya nyumba yetu na ya Bi Nyamizi. Haikuvuja tena. Baadaye wakaja watu na bati, wakaezeka shule kwa siku mbili, na watoto wa sasa hawajui kama paa lilikuwa na majina. Mimi nikipita pale bado nageuza macho upande ule. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na kusuka makuti maisha mazima hakukumshusha mtu mmoja kutoka kwenye lile lori.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sikuipata kitabuni. Haya ni pambo, lakini ikikuzuia kulibeba kosa lako, ujue kuna mwingine analibeba njiani. Usisubiri woga uishe ndipo useme. Woga hauishi, husemwa nao uko hapo hapo. Na ukitaka kujua moyo wako ulivyo, tazama unapokuwa umebanwa unamsukumia nani mzigo. Ukikuta ni yule asiye na ndugu, asiye na wa kumsemea, yule ambaye watu wanamwita wa kuja, rudi upesi ukautwae. Mchuma janga hula na wa kwao, wamesema wazee. Mimi nilichuma, akala asiyekuwa na wa kwao.

Mungu akupe afya, akupe kazi ya mikono isiyoaibisha mtu. Akujaalie majirani, na wewe akujaalie kuwa jirani. Na siku utakapokuwa na neno la kweli kooni, Mola alifungue mapema, kabla aliyekuwa akilingoja hajafunga mkeka wake. Amina.